Namna ya kupima dawa ya petroli kabla ya kuiamini

Mwenye gari anayeingia katika duka la vipuri mjini Arusha hukuta chupa ndogo za dawa ya petroli zimepangwa nyuma ya muuzaji, kila moja ikiahidi nguvu na mafuta yasiyoisha upesi. Kabla ya kulipa, amua kwanza unataka kutibu nini, kwa kuwa dawa ya kusafisha nozeli na dawa ya kupandisha oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) zina kazi tofauti. Hapa nazungumzia hiyo ya pili, ambayo hununuliwa ili injini isigonge, yaani petroli na hewa visijiwashe vyenyewe pembezoni mwa silinda kabla moto wa plagi haujavifikia.

Njia bora ya kupima niijuayo ni ya Thomas Midgley, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi chini ya mvumbuzi Charles Kettering huko Dayton, Ohio. Mwaka 1916 walidhani kwamba petroli nyekundu ingefyonza joto na kugeuka mvuke mapema zaidi, lakini kwa kuwa hakuwa na rangi ya kufaa karibu, Midgley alitia iodini, na kugonga kukapungua. Mwingine angesherehekea na kwenda nyumbani. Yeye alijaribu rangi nyekundu zisizo na iodini, zikashindwa. Akajaribu kemikali ya iodini isiyo na rangi, ikafaulu. Hapo ndipo dhana ya wekundu ilipokufa.

Fanya vivyo hivyo. Jaza mafuta kwenye sheli ileile, chagua mlima mmoja, tuseme sehemu ya barabara ya kutoka Moshi kwenda Marangu, uupande kwa gia na mzigo uleule, kwanza bila dawa, kisha ukiwa na dawa iliyopimwa kwa bomba la sindano, kisha bila dawa tena tenki likishakaribia kuisha na kujazwa upya. Ni vizuri zaidi mwenzako akitia, au asitie, bila kukuambia, kwa sababu sikio la mtu aliyekwisha kulipa husikia anachotaka. Gari lenye kihisi cha kugonga hurekebisha moto wa plagi lenyewe, hivyo unaweza usisikie chochote. Mwombe fundi asome kwa mashine jinsi moto huo unavyorekebishwa.

Usilinganishe miji. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hewa ni nyepesi, shinikizo ndani ya silinda hupungua na injini hugonga kidogo. Dereva aliyetia dawa Dar es Salaam, akafika Arusha injini ikiwa kimya, huenda alitibiwa na mwinuko tu. Soma pia maandishi ya chupa: katika dawa nyingi, pointi 10 ni oktani 1, hivyo ile 30 iliyochapwa kwa herufi kubwa ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Baada ya matenki mawili, fungua plagi. Kauri yake ikiwa na utando mwekundu kama kutu, dawa hiyo ina chuma. Acha kuitumia, kwa kuwa utando huo hupitisha umeme na cheche hudhoofika. Zenye manganizi nazo huacha masalia, ambayo yanaweza kuziba masega ya ekzosi (kifaa cha kupunguza sumu ya moshi), nayo ni ghali kubadilisha.

Swali hili la masalia ndilo Midgley alilolijibu vibaya. Tarehe 9 Desemba 1921 kundi lake lilipata kemikali ya metali ya risasi iliyonyamazisha injini kwa kiasi kidogo mno, na ilipoganda kwenye vali na plagi, waliongeza kemikali ya bromini ili risasi itoke na moshi. Plagi zikawa safi, risasi ikaenda mapafuni mwa watu. Mwanzoni mwa 1923 yeye mwenyewe alikwenda Florida kupumzika kwa sababu ya sumu hiyo, lakini Oktoba 1924, siku chache baada ya wafanyakazi kuanza kufa kwa sumu hiyo New Jersey, alinawa kwa kemikali hiyo mbele ya waandishi wa habari. Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli ya risasi kwa magari, iliacha mwaka 2021.

Kwa hiyo itie dawa nje, ukiwa na glavu, na kinachobaki kirudishe katika chupa yake yenye lebo; kamwe usikihifadhi katika chupa ya soda.