Kabla Hujanunua Vifaa vya Kliniki ya Macho

Anza na futikamba, katalogi baadaye. Chati ya Snellen, ile ya herufi zinazopungua ukubwa, imekusudiwa kusomwa kutoka mita 6, na fremu nyingi za maduka mitaani hazifiki urefu huo. Utahitaji mita 3, kioo ukutani, na chati yenye herufi zilizogeuzwa. Pima kabla hujalipa kodi. Nunua pia chati ya E kwa watoto wadogo na wasiojua kusoma.

Vinafuata vifaa vya mkononi: retinoskopu (taa ya kupimia namba ya miwani kwa mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho), oftalmoskopu ya kutazama ndani ya jicho, seti ya lenzi za majaribio na fremu yake, rula ya kupimia umbali kati ya mboni. Hivi havina mjadala. Balbu za akiba zinunue siku hiyohiyo.

Sasa autorefrakta, mashine inayokadiria yenyewe namba ya miwani, ile ambayo wateja huiita kompyuta. Bango la "tunapima macho kwa kompyuta" linavuta watu, ndiyo maana wengi hukimbilia kuinunua kwanza. Mwenzangu mmoja wa Kanda ya Ziwa alimaliza karibu mtaji wote kwenye autorefrakta iliyotumika. Ilikuwa safi, inatoa karatasi ya majibu vizuri kabisa, ila haikuja na jicho la mfano: kile kifaa kidogo chenye nguvu inayojulikana, ambacho huwekwa mbele ya mashine ili kuhakiki kama inasoma sawasawa. Muuzaji akamwambia halina kazi. Retinoskopu akaiahirisha, angeinunua biashara ikichanganya.

Wateja wakaanza kurudi. Huyu kichwa kinamgonga akisoma, yule haoni tofauti yoyote. Mama mmoja alimleta binti yake wa shule ya msingi, akasema, "Daktari, mwanangu alikuwa anaona vizuri kabla ya hii miwani." Alikuwa sahihi. Jicho la mtoto likichungulia ndani ya mashine hujikaza kana kwamba linatazama kitu cha karibu, na mashine huandika minasi, namba ya asiyeona mbali, ambayo haipo. Ukimtia matone ya kulegeza misuli ya jicho kisha ukapima kwa retinoskopu, ukweli unaonekana. Mwenzangu hakuwa na cha kuhakikia. Nilipokwenda na retinoskopu yangu tukakuta mashine yenyewe inazidisha minasi hata kwa watu wazima. Simu ya muuzaji haikupatikana tena, fundi wa mashine hiyo hakuwepo mjini. Lenzi za waliopatikana alizibadilisha kwa fedha yake. Waliobaki hatujui wako wapi, na baadhi yao ni watoto.

Kwa hiyo muulize muuzaji, na akujibu kwa maandishi: jicho la mfano liko wapi? Fundi yuko mji gani? Spea zinapatikana kwa nani? Kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Akijibu vizuri, kaa mwenyewe mbele ya mashine. Namba za macho yako unazijua. Na hata ikiwa nzima, majibu yake ni pa kuanzia tu. Miwani iandikwe baada ya lenzi za majaribio na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Tonomita, kifaa cha kupimia presha ya macho, usiiweke kwenye orodha ya mwakani. Presha ya macho kwa kawaida haiumi, na uoni ulioibiwa haurudi. Kiwango cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, humkuta hata mwenye presha ya kawaida, kwa hiyo mshipa huo utazame vilevile. Tonomita ya Goldmann inaaminika sana, ila inataka slitilampu (darubini ya macho yenye taa), matone ya ganzi na rangi ya fluoresini. Ile ya kugusa na kuruka haitaki ganzi, bali hutumia ncha za kutupa. Uliza bei ya ncha kabla ya bei ya mashine.

Lensomita, kifaa cha kusoma namba ya lenzi, ni lazima, la sivyo utampa mteja miwani iliyotoka maabara bila kujua imesagwa sawa. Kila asubuhi, bila lenzi, isome sifuri.

Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani vingi ni vya volti 100, soma kibandiko nyuma kabla ya kuchomeka. Weka stabilaiza na UPS, fundi aikague ethi. Ukiwa Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi za vifaa. Funika, weka vipakti vya kunyonya unyevu, vibadilishe. Risiti zitunze. Milango iwe na kufuli za maana, na anayefanya usafi aelekezwe asifute kioo chochote kwa kitambaa cha sakafu.