TL1000S ya mtumba: ikague ikiwa ya moto
Ukikuta Suzuki TL1000S inauzwa Arusha, usilewe mlio wake. Pikipiki hii iliyotoka 1997, silinda mbili za V, cc 996, ilijipatia sifa ya kuacha wajane, na lawama kubwa ilikwenda kwenye shokapu ya nyuma. Haifanani na tulizozoea: ni kijisanduku cha mafuta chenye mkono unaozunguka, springi imekaa kando peke yake. Mafuta yenyewe ni kidogo, yakichemka, inalegea.

Kwa hiyo kuibonyeza ikiwa imeegeshwa uani hakukuambii kitu. Iendeshe mpaka Usa River na kurudi, matuta yote yale, ndipo uikandamize mkia. Ikidundadunda kama kitanda cha springi, imechoka. Wengi huing'oa wakafunga ya kawaida. Nikikuta imeshabadilishwa naongeza hela bila kununa. Mbele, angalia kama kile kidhibiti cha kutuliza usukani kipo, maana Suzuki walikiongeza baadaye, usukani ulipoonekana unatikisika vibaya. Namba ya chesesi na kadi, hilo unalijua. Na kama umezoea Boxer ya cc 150 tu, safari ya majaribio mpe fundi.