Kufunza manesi kuuliza swali la kujiua: vile mimi hufanya

Nimefunza manesi na maklinikal ofisa wa zahanati hapa Kenya kwa muda sasa, na kitu nimeona ni kwamba fomu wanajua kujaza, shida ni lile neno "kujiua", haliwatoki mdomoni. Kwa hivo training yangu karibu yote ni ya kuzoesha mdomo.

Hatua ya 1: Toa woga. Anza kwa kusema yeyote anaweza toka nje akilemewa, maana karibu kila darasa kuna mtu amezika wake. Halafu waulize wanaogopa nini. Utaskia "si nitampa wazo?" La, tafiti nyingi zimeangalia hilo, kuuliza hakupandi wazo. Mwingine atauliza kama mgonjwa atashtakiwa kwa polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai (Penal Code) kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, wagonjwa wakawa wanaficha, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kinakiuka katiba. Waambie hivo wazi.

Hatua ya 2: Chagueni chombo kimoja. Mimi hutumia ASQ, fomu fupi ya kuuliza kuhusu kujiua iliyotengenezwa na NIMH, taasisi ya taifa ya afya ya akili kule Marekani, maswali 4 ya ndio au hapana, na akijibu ndio hata kwa moja unaongeza la 5: saa hii unafikiria kujiua? Mkitumia PHQ-9, ile fomu ya maswali 9 ya kupima huzuni kali (depression), pia sawa, ila swali la 9, la mawazo ya kufa au kujiumiza, lisisubiri jumla, mtu anaweza kuwa na alama chache na hilo moja likawa ndio.

Hatua ya 3: Waulizane kwa sauti. Hapa mpe nusu siku. Wawili wawili, kalamu chini. Kuna sister mmoja wa miaka mingi kazini, zamu yake ilipofika aliinamia faili akasema mbio mbio, "mama, hujafikiria mambo mabaya, eti?" na aliyeigiza mgonjwa akajibu hapana hata kabla amalize, kwa sababu swali lenyewe linaomba hapana. Tukarudia: "Mama, wiki chache zilizopita, umewahi kutamani ungekuwa umekufa?" Mara ya tano aliweka faili kando, akamwangalia, akanyamaza. Hicho kimya ndo kigumu kufunza, hesabu hadi kumi moyoni. Na mgonjwa akisema "nimechoka na haya maisha, afadhali Mungu anichukue", usipite, muulize, "ukisema umechoka, umefikiria kujiua?" Kama ni lugha ya mama mtumie hiyo, lakini tafadhali mtoto wake asitafsiri.

Hatua ya 4: Ndio ikitoka, hakuna mahubiri. Aliyesema ndio kwa swali la 5 haachwi peke yake hata kwenda choo, na aonwe siku hiyo hiyo. Wengine waliosema ndio wafanyiwe tathmini fupi, halafu andikeni mpango wa usalama kwa maneno yake: huanza kuzidiwa vipi, nini humtuliza, atampigia nani. Mwite ndugu anayemwamini, mgonjwa akikubali, dawa za shamba zitoke hapo nyumbani, tembe apewe za wiki moja tu.

Hatua ya 5: Apigiwe simu baada ya siku mbili tatu, na jina la atakayepiga liandikwe kwa rejista.

Baada ya mwezi rudi uangalie hiyo rejista. Ukikuta hapana zimejaa ukurasa mzima, kaa nao hapo kliniki asubuhi moja, uskize vile wanauliza.