Somo: Kukaza fikra kwenye lengo moja mpaka litimie

Wengi wanaolalamika kwamba hawawezi kutulia kwenye kazi huanza kwa kuilaumu simu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini ukimchunguza mtu wa namna hiyo kwa saa moja tu utaona kwamba mkono wake haukuifuata simu wakati kazi ikienda vizuri. Uliifuata pale aliposhindwa kupata sentensi inayofuata, pale hesabu ilipokataa kutoka, au pale ambapo hakujua hata aanzie wapi. Ndiyo maana somo hili linaanza na lengo lenyewe, na simu itasubiri zamu yake.

Hatua ya kwanza: Geuza azma iwe kazi ya leo

"Nataka kufaulu mtihani" na "nataka kuandika kitabu" ni azma njema, ila hakuna anayeweza kuketi mezani akaifanya azma. Chukua karatasi, andika lengo lako, kisha chini yake andika ni jambo gani lingelisogeza mbele, na uendelee kulipunguza jambo hilo mpaka liwe dogo kiasi kwamba mtu aliyesimama nyuma yako angeweza kushuhudia limekwisha au halijakwisha. Mwanafunzi anayeandika "kusoma biolojia" amejiandalia jioni ya kufungua na kufunga daftari. Anayeandika "kujibu maswali 10 ya mzunguko wa damu bila kuangalia daftari, kisha kuyasahihisha" anajua wapi pa kuanzia na wapi pa kukomea, na akili yake haina sababu ya kutafuta pa kukimbilia.

Nalisema hili kwa kuwa limenipata. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na mstari mmoja kwenye orodha yangu, "kumaliza tafsiri", na kila wiki niliuhamisha kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama mgeni asiye na kwao. Siku niliyoandika "kutafsiri ukurasa wa 41 na wa 42", kurasa hizo ziliisha kabla ya adhuhuri, wala sikuwa nimepata nidhamu mpya usiku ule.

Ukishaipata kazi, ifungie wakati na mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba mtu anayejipangia kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" huwa na nafasi kubwa zaidi ya kutekeleza kuliko aliyebaki na nia peke yake. Kwa hiyo usiandike tu kwamba utasoma kesho, andika, "Nikishapiga mswaki asubuhi, nitaketi kwenye meza ya dirishani na kujibu maswali 10." Sentensi hiyo inakuondolea mjadala wa asubuhi, na mjadala wa asubuhi ndio unaokula muda.

Hatua ya pili: Weka umbali kati yako na kishawishi

Sasa tuijie simu. Kuizima sauti hakutoshi, kwa maana kila unapoiona unalazimika kujizuia upya, na kujizuia ni kazi. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko wale waliokuwa nayo mezani. Majaribio mengine yaliyofuata hayakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo sitaijenga hoja yangu juu ya utafiti huo. Hoja yangu ni nyepesi zaidi: simu iliyo mkononi huchukuliwa kabla hujafikiri, ilhali simu iliyo chumba cha pili inakudai usimame, utembee na ufungue mlango, na katika hatua hizo chache unapata nafasi ya kujiuliza unaifuata kwa lipi.

Zima arifa zote, isipokuwa simu za watu wanaokutegemea kwa dharura. Kama kazi yako iko kwenye kompyuta, funga kurasa zote zisizohusika, na ukiweza kufanya sehemu ya kazi kwenye karatasi, ifanye kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: Yape mawazo mahali pa kusubiri

Hata ukiwa chumbani peke yako, kichwa chako chenyewe kitakupigia kelele. Utakumbuka deni, ujumbe ambao hukuujibu, nguo ulizoacha kwenye kamba. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 kuhusu tabia ya akili kuyakumbuka zaidi mambo yaliyokatizwa kuliko yaliyomalizika, na wanasaikolojia wengine, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, wakaonyesha mwaka 2011 kwamba kulipangia jambo lisilokwisha namna litakavyofanywa hupunguza usumbufu wake, hata kabla halijaguswa. Weka basi karatasi ndogo pembeni. Kila wazo linapoingia, liandike kwa maneno machache pamoja na wakati utakaolishughulikia, kisha urudi kwenye kazi. Usilifukuze wazo kwa nguvu. Linaloandikwa huondoka lenyewe.

Hatua ya nne: Fanya kazi kwa vipindi

Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1980, alianza kujipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na kutoka hapo ukaenea mtindo wa kufanya kazi dakika 25 na kupumzika dakika 5. Dakika hizo si sheria. Anayeanza anaweza kuridhika na 15, na aliyezama kwenye kazi asikatishwe na kengele. Ninalolisisitiza ni aina ya mapumziko: simama, nyoosha mgongo, tazama mbali. Ukitumia dakika zako tano kuperuzi mitandao ya kijamii utarudi mezani na kichwa kilichojaa habari za watu, kwa sababu usikivu hauhami wote kwa pamoja kutoka jambo moja hadi jingine. Sehemu yake hubaki nyuma kwa muda.

Hatua ya tano: Kabla ya kuondoka, acha alama

Andika mstari mmoja unaosema kesho utaanzia wapi. Ni hivyo tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kazi yangu ni kuhudumia wateja kwa simu na ujumbe. Nikiiacha simu chumba kingine nitafukuzwa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kwako simu ni jembe, na hakuna anayelima akiwa ameliacha jembe nyumbani. Tenganisha kazi ya kujibu na kazi ya kutulia. Chunguza kwa wiki moja ni saa zipi wateja hupungua, kisha uchukue kipindi kimoja kifupi ndani ya saa hizo kwa ajili ya lengo lako, baada ya kukubaliana na mwenzako apokee simu kwa niaba yako. Kama hakuna mwenzako, lengo lako lifanyike kabla ya zamu kuanza. Baada ya zamu utakuwa umechoka, na sitakudanganya kwamba kuna mbinu ya kulizunguka hilo.

Swali: Nina malengo manne kwa wakati mmoja, na yote ni muhimu. Je, niyagawie siku?

Jibu: Unaweza, ingawa mimi ningechagua moja na kulipa kipindi cha kwanza cha kila siku kwa mwezi mzima, huku mengine nikiyatunza yasife tu. Ukiyagawa sawasawa, kila siku utatumia sehemu kubwa ya kipindi kukumbuka ulipoishia.

Swali: Je, muziki unasaidia?

Jibu: Wenye maneno hugombana na kusoma na kuandika. Kwa kazi za mikono hauna shida.

Swali: Nilifuata ratiba siku tisa, nikaikosa siku ya kumi, nikaacha kabisa. Ni lazima nianze upya?

Jibu: Hapana, dada. Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi kikubwa ujenzi wa mazoea. Waliona pia kwamba watu walitofautiana mno: makadirio yao ya muda wa tabia kukomaa yalikuwa kati ya siku 18 na 254. Kwa hiyo usijipime kwa kalenda ya mtu mwingine. Endelea na siku ya kumi na moja kana kwamba ya kumi ilikuwa mapumziko.

Swali: Tangu utotoni siwezi kutulia kwa jambo lolote, hata ninalolipenda, na mbinu za namna hii hazijawahi kunisaidia.

Jibu: Hapo somo hili limefika ukingoni. Kwanza angalia usingizi wako, kwa kuwa mtu asiyelala vya kutosha hufanana sana na mtu asiye na umakini. Kama unalala vizuri na hali hiyo imekufuata tangu utotoni, shuleni, kazini na nyumbani, muone daktari au mwanasaikolojia, kwani upo upungufu wa umakini unaotambuliwa kitabibu na wenye matibabu. Andika mapema mifano ya mambo yaliyokushinda, ili usisahau kuyataja mbele yake.

Swali: Mwalimu, jana nilijaribu hatua ya kwanza. Niliandika lengo langu, kisha karatasi ikabaki tupu nusu saa nzima. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hukukosea. Ikiwa hujui kazi inayofuata kwa sababu fani yenyewe ni ngeni, basi kazi yako ya leo ni kumtafuta mtu mmoja aliyekwisha kuipita njia hiyo na kumwuliza alianza na nini. Lakini ikiwa unaijua na kalamu bado inagoma, pindua karatasi na uandike nani alikuwa wa kwanza kulitamka lengo hilo, wewe au mtu mwingine. Nitumie jibu hilo, halafu tutaendelea kutoka hapo.