Maji ya kisima yanaharibu kioo

Mnaopiga picha za kolodioni (za kizamani, kwenye kioo kilichopakwa dawa mbichi) hapa Unguja, maji ya kisima msiyatie kwenye dawa ya kusafishia, ile ya kuitokeza picha. Visima vingi vina chumvi, na chumvi ikikutana na nitrati ya fedha, dawa inayofanya kioo kihisi mwanga, kioo kinaingia ukungu na madoadoa. Mimi nakinga mvua ya masika, au nanunua maji ya betri (yale baridi, yaani maji yaliyokenekwa, si asidi!).

Kaskazi likizidi joto, chupa ya salfeti ya chuma, ndiyo dawa ya kusafishia, iwekeni kwenye ndoo ya barafu na muongeze asidi asetiki kidogo. Kioo kimwagieni maji kuizuia dawa mara tu mikunjo ya kanga ya mnayempiga picha inapojitokeza. Mkingoja vivuli vijae, mmechelewa. Kukazia picha isififie, "haipo" (hypo, yaani thiosulfati ya sodiamu) inatosha. Sianidi, ambayo wengine hukazia nayo, ni sumu, sitaki hata kuiona chumbani kwangu.