Toki ya msanii pale makumbusho: venye naandaa, hatua kwa hatua

Hii naandikia mtu ameombwa aongee kuhusu msanii fulani mbele ya watu wa kawaida, si wanafunzi wa sanaa, yaani wale wamekuja makumbusho Jumamosi na watoto, wazee wamestaafu wanapenda kuuliza maswali, kijana ameona posta kwa simu akasema wacha nipitie, na yule mama huja kila mara na daftari yake. Hii ndio kazi yangu hapa Nairobi, na kama kuna kitu nasimamia ni hiki: usiongee maisha ya msanii, ongea kitu alitengeneza, hayo maisha yataingia yenyewe pale yanahitajika. Ukianza na "alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani", kabla ufike mbali watu washashika simu, na si makosa yao.

Hatua ya 1: Chagua kazi, si msanii

Dakika 45 zinatosha kazi tatu hivi, na hapo bado mbili ni za kusindikiza ile moja. Wengi wanakuja na slaidi 60, wanapitisha picha kama matatu imekosa breki, mtu anaenda nyumbani akikumbuka tu kwamba msanii alikuwa na kazi mingi.

Jinsi ya kupima kama kazi inabeba: kaa mbele ya hiyo picha uone kama unaweza kuongea dakika kumi bila kutaja msanii alizaliwa wapi. Kama huwezi, tafuta ingine. Kwa watu wa Nairobi tuko na bahati, kuna wasanii wakubwa wa dunia wametoka hapa hapa na kazi zao zinaongeleka. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi 1972, mwaka wa 2019 aliweka sanamu nne za shaba nyeusi, wanawake wameketi, mbele ya jumba la Metropolitan Museum kule New York, kwenye vidaka, yaani zile nafasi za kuweka sanamu ukutani, vilivyokaa vitupu tangu huo ukuta umalizike 1902. Hapo tayari uko na swali: mbona vilikaa vitupu zaidi ya miaka mia, na nani aliketishwa hapo mwishowe? Michael Armitage, wa 1984, naye pia wa Nairobi, anachora kwa lubugo, lile gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, limegongwa na nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa, na halifichi mashimo wala mishono yake.

Mimi hapa nitatumia mfinyanzi Magdalene Odundo kama mfano, juu hakuna mtu Kenya hajawahi kuona chungu, kwa hivyo kila mtu akiketi tayari ako na maoni.

Hatua ya 2: Soma mikono kabla usome maisha

Anza na hii: kitu kilitengenezwa aje? Ukishajua hiyo, hata ukiulizwa swali ya kukutega utakuwa na mahali pa kusimama.

Odundo hatumii gurudumu la kuzungushia udongo. Anaanza na bonge la udongo, analitoboa katikati, anavuta kuta juu kwa mikono, akifika mahali anaongeza mikunjo ya udongo moja juu ya ingine. Anakwangua, anaacha ikauke kiasi, anasugua mpaka ing'ae, anapaka udongo laini sana uliochujwa, anasugua tena. Hakuna ule mpako wa kioo unaona kwa vikombe vya dukani, huo mng'aro wote ni wa kusuguliwa. Halafu moto. Akichoma na hewa ya kutosha, chuma iliyo kwa udongo inatoa rangi ya machungwa, ile ya kuwaka. Akirudisha kwa tanuri na vipande vya mbao, akibana hewa, udongo ule ule unatoka mweusi. Watu hupenda hii sehemu kuliko yote, kwa hivyo usiipite mbio, waonyeshe chungu ya machungwa na nyeusi kando kwa kando uwaambie hiyo si rangi imepakwa.

Sasa ndio maisha yanaingia, na yanaingia na sababu. Alizaliwa Nairobi 1950, akafanya kazi ya uchoraji wa matangazo hapa mjini kabla aende Uingereza 1971. 1974 akaenda Abuja, Nigeria, kwa kile kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Michael Cardew, na huko ndio alijifunza na wanawake wafinyanzi kama Ladi Kwali, wanaojenga chungu wakiizunguka wao wenyewe. Unaona venye sasa hiyo safari ina maana? Ungeanza nayo ingekuwa tu tarehe.

Kila tarehe ihakikishe mahali pawili, tovuti ya makumbusho iliyo na hiyo kazi na katalogi ya onyesho. Na chunga sana sentensi za "Mwafrika wa kwanza ku...", hizo zinanakiliwa kutoka gazeti hadi gazeti na mara nyingi hakuna mtu aliangalia. Mimi huziacha nje hata kama ni tamu.

Hatua ya 3: Picha

Hapa ndipo toki nyingi zinafia. Mtu anachukua picha ndogo kwa Google, anaivuta ijae skrini, inakuwa uji, alafu anaambia watu "angalieni umaridadi wa brashi". Brashi gani?

Kwa wasanii wa zamani ni rahisi, Metropolitan Museum tangu 2017 wameachilia picha za kazi ambazo hazina hakimiliki, unadaunlodi bure na ni kubwa vizuri. Van Gogh alikufa 1890, huyo hana shida. Kwa wasanii walio hai ni lazima uombe. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya msanii mpaka miaka 50 baada ya yeye kufa, kwa hivyo usijiambie ati "ni ya elimu tu" uendelee, hasa kama mtu atarekodi na kuweka YouTube. Andikia galari inayomwakilisha, sema ni toki ya bure, tarehe gani, watu wangapi, picha zipi. Wengi hujibu vizuri na wanakutumia picha safi kuliko ile ungeiba.

Kila kazi iwe na slaidi mbili au tatu: yote nzima, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Chini andika jina, mwaka, imetengenezwa na nini, vipimo na inakaa wapi.

Hivyo vipimo usiviache vikae tu kwa slaidi. Kwa skrini kila kitu kiko saizi moja, Mona Lisa na Guernica zinatoshana, na huo ni uongo mkubwa. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53. Guernica ya Picasso, ya 1937, ni karibu mita 3.5 kwa 7.8. Mimi huja na masking tepu, kabla watu waingie nachora Mona Lisa ukutani saizi yake kamili, alafu Guernica naiweka kwa sakafu, unaanzia karibu na jukwaa unaenda unaenda unapita viti. Watu wakiingia wanaruka tepu bila kujua ni nini. Ukifika hiyo slaidi unawaambia "wewe hapo mbele mpaka wewe kule, mmekaa ndani ya picha", na unasikia ukumbi umeguna. Hakuna maneno yangefanya hiyo kazi. Tepu iwe ile ya karatasi, ya plastiki inabaki na gundi na mtu wa usafi atakuja kukutafuta.

Hatua ya 4: Beba kitu cha kushikwa

Vya makumbusho havishikwi, kwa hivyo lete vyako. Kwa Odundo nabeba chungu ya kupika ya kawaida, zile zinauzwa kando ya barabara, na kipande cha udongo mkavu nusu yake nimesugua na mgongo wa kijiko, nusu nimeacha hivyo. Kinapita mkono kwa mkono, na mtu akipitisha kidole kutoka upande mkavu hadi upande laini, hiyo tayari ni nusu ya mhadhara. Kwa Armitage tafuta kipande cha lubugo, yeye mwenyewe alikutana nayo mara ya kwanza kwa soko ya watalii hapa Nairobi. Kwa mchoraji Tingatinga wa Tanzania, leta ubao wa dari na mkebe wa rangi ya mafuta ya baiskeli, maana ndivyo alivyotumia, na mtu ataelewa mara moja kwa nini zile picha zinang'aa hivyo.

Hatua ya 5: Ukumbi

Kama ni pale Museum Hill, kwa makumbusho ya Nairobi, tuma barua mapema na ukubali tarehe unayopewa. Siku ya wiki jioni ni mateso, watu wako kwa jam ya Waiyaki Way na wewe unaongelesha viti, kwa hivyo Jumamosi asubuhi ndio dawa. Enda siku moja kabla, uwashe projekta na slaidi yako yenye giza kuliko zote. Chungu nyeusi kwa ukumbi hauna mapazia haionekani, inakuwa tu shimo kwa ukuta.

Beba waya yako na kile kidude cha kuunganisha laptopu, usingoje cha ukumbi. Weka slaidi kwa flashi pia. Betri za maiki. Stima ikipotea uko na kitu cha kushikwa na uko na mdomo, endelea.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Salimia, sema jina lako, weka picha, nyamaza. Dakika moja nzima. Utahisi ni mwaka, wengine wataanza kukohoa, wacha wakohoe. Alafu uliza "mnaona nini?" na uanze na mtu hajavaa kama msanii.

Kuna mzee mmoja niliuliza hivyo kuhusu chungu ya Odundo yenye shingo imeinama upande. "Mzee wangu, unaona nini hapo?" Akasema, "Mwalimu, mimi naona hiyo chungu imeharibika shingo, kwetu hiyo haiuzwi." Ukumbi ukacheka. Kabla nijibu mama wa nyuma yake akasema, "Hapana mzee, hiyo si chungu, huyo ni mama amebeba mimba na amegeuka kuangalia nani anamwita." Kukawa kimya, kila mtu anaangalia upya. Na huyo mama hakuwa mbali, miili ya wanawake imo ndani ya hizi kazi tangu zamani, tumbo, shingo, hata kale kakitovu anakabandika. Kazi yangu ilikuwa tu kuongeza moja: kwamba kwa mkono, bila gurudumu, kuinamisha shingo hivyo bila chungu kuanguka ni hesabu kali. Mzee akauliza uzito uko wapi sasa, tukakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga na sikujali.

Lugha changanya. Kiswahili kiwe ndio uti, Sheng ikija ije, lakini usimcheke mtu ameuliza kwa Kiingereza cha shule.

Hatua ya 7: Maswali

Kuna matatu lazima yaje. La kwanza, "inauzwa pesa ngapi?" Jibu kama unajua, si dhambi, kisha rudi kwa kazi. La pili, "hata mtoto wangu anaweza chora hii." Usikasirike. Muulize angeanza wapi, brashi gani, rangi ya kwanza gani. Akianza kuelezea anajibu mwenyewe.

La tatu ndilo zito: "mbona vitu vyetu viko ng'ambo?" Hapo usizunguke. Taja lile onyesho la Invisible Inventories lililokuwa hapo hapo makumbusho ya Nairobi 2021, lenye makabati ya vioo yaliyoachwa matupu makusudi, baada ya watafiti kuorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Tofautisha pia: sanamu ya Mutu iko New York kwa sababu yeye aliiuza au aliitengenezea hapo, kitu cha kabila fulani kilichochukuliwa enzi za mkoloni ni hadithi ingine. Watu wakichanganya hizo mbili, mjadala unaharibika.

Kuna pia yule anashika maiki ahutubie. Mwache dakika moja, kisha "asante sana mkubwa, na swali lako ni lipi?" Kwa heshima, lakini mkono uko tayari kupokea maiki.

Hatua ya 8: Watoe nje

Usimalizie kwa viti. Kama uko makumbusho, wapeleke mpaka ule ukumbi wa maonyesho wa Cycles of Life wakaangalie vibuyu na vyombo na yale macho mapya. Asiyeweza siku hiyo mwelekeze Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu waliandikisha watoto, ndoa na vifo pale. Sasa lina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, na ukitaka sanamu bila paa basi kuna City Park, alipozikwa, na bustani ya ukumbusho wake. Wa Rosslyn nao wako na NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), ile taasisi ya sanaa Armitage alianzisha, huko ndio utaona maonyesho ya wasanii wa Afrika Mashariki yamepangwa na mtu anajua anafanya nini.

Jioni hiyo hiyo tuma kwa grupu ya WhatsApp majina ya kazi mlizoona, miaka yake na mahali zilipo. Picha zenyewe usitume, uliomba ruhusa ya kuonyesha ukumbini tu. Na utoe tepu sakafuni kabla uondoke.