Kabla Hujamtafuta Mchawi: Kusoma Matokeo ya Uchaguzi wa Katikati ya Muhula Marekani

Chama kikishindwa uchaguzi wa katikati ya muhula Marekani, ule unaofanyika katikati ya miaka minne ya rais, kesho yake asubuhi kila kambi ina jibu mkononi. Wanaopenda siasa za kati watasema kimeponzwa na wenye misimamo mikali. Wenye misimamo mikali watasema kimepoa mno. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kwa kuwa siku hiyo hugombewa viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi, takriban theluthi moja ya viti 100 vya Seneti na ugavana wa majimbo 36, hakuna kambi itakayokosa ushahidi wa kupigia ngoma yake. Anayetaka kusema jambo litakalosimama hata mwezi mmoja baadaye afuate utaratibu ufuatao, na asiruke hatua.

Ngoja kura zihesabiwe

Takwimu za usiku wa kwanza hazifai kujengea hoja. Majimbo hayahesabu kwa mwendo mmoja. Florida huanza kushughulikia kura za posta mapema, hivyo matokeo yake hutoka upesi. Pennsylvania na Wisconsin zimekuwa zikizuiwa na sheria kuzigusa kabla ya siku ya uchaguzi yenyewe. California huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2018 wengi walilala wakiamini Wademokrat wamepata ushindi wa wastani tu. Kura za California zilipoendelea kuhesabiwa, wagombea wa Republican waliokuwa wakiongoza Orange County walipitwa mmoja baada ya mwingine, na nyongeza ya Wademokrat kitaifa ikafika viti kama 40. Mwaka 2022 uchaguzi ulikuwa 8 Novemba, lakini ilifika 16 Novemba ndipo ikajulikana nani atashika Baraza la Wawakilishi. Kiti cha Seneti cha Georgia kilisubiri duru ya pili ya 6 Desemba, kwa sababu jimbo hilo linataka mshindi avuke nusu ya kura.

Kila ukiandika takwimu, weka tarehe ya hesabu kando yake. Ni jambo dogo, ila huokoa aibu nyingi.

Ondoa mzigo wa kalenda

Chama cha rais aliyeko madarakani karibu kila mara hupoteza viti vya Baraza la Wawakilishi. Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe hadi 2022, kimeongeza viti mara 2 tu: 1998 na 2002. Kwa hiyo kipimo si sifuri. Chama cha Clinton kilipoteza viti 54 mwaka 1994 na cha Obama 63 mwaka 2010. Ukiweka hasara ya viti 9 ya chama cha Biden, Wademokrat, mwaka 2022 karibu na hizo, unaelewa kwa nini Warepublikan waliotwaa baraza ndio waliokuwa wakitafutana lawama.

Hasara ya katikati ya muhula haitabiri uchaguzi wa rais pia. Reagan alipoteza viti 26 mwaka 1982, kisha 1984 akashinda majimbo 49. Clinton na Obama nao walirudi Ikulu. Mtu anayesema chama kibadilike kabisa kwa sababu ya viti vilivyopotea anadaiwa maelezo ya ziada.

Seneti ina hesabu yake. Viti vinavyogombewa havilingani mwaka hadi mwaka, na ndiyo sababu 2018 Warepublikan walipoteza Baraza la Wawakilishi huku wakiongeza viti 2 vya Seneti: Wademokrat walikuwa wakitetea viti katika majimbo kama North Dakota, Missouri na Indiana, ambako Trump alishinda kwa urahisi 2016. Angalia vilevile kama mipaka ya wilaya za uchaguzi imechorwa upya. Ikiwa imebadilika, kulinganisha mbunge wa sasa na matokeo ya zamani ya wilaya yenye jina lilelile ni kupoteza muda. Tafuta kura za zamani zilizopangwa upya kwa mipaka mipya.

Linganisha majina yaliyo kwenye karatasi moja ya kura

Hapa ndipo penye chakula. Chukua jimbo lililochagua gavana na seneta siku moja, kisha tafuta tofauti kati ya kura za mmoja na za mwenzake wa chama hichohicho. Wapiga kura ni walewale, bei za vitu ni zilezile, rais ni yuleyule. Tofauti inayobaki hutokana kwa kiasi kikubwa na mgombea mwenyewe.

Georgia 2022 ni mfano safi. Gavana Brian Kemp, Mrepublikan, alimzidi kwa zaidi ya kura 200,000 Herschel Walker, mgombea Seneti wa chama chake. Kemp akashinda, Walker akaangukia duru ya pili na kushindwa. Ohio mwaka huohuo, gavana Mike DeWine, Mrepublikan, alishinda kwa pointi 25 hivi za asilimia, na J. D. Vance, mgombea Seneti wa chama chake, kwa 6. Pengo la namna hii halisemi "jimbo limetukataa." Linasema mchujo, yaani kura ya ndani ya kumpata mgombea wa chama, ulitoa mtu mzito kubebeka. Tahadhari moja: gavana anayetetea kiti ana faida yake ya kujulikana, kwa hiyo usilichukulie pengo lote kuwa kosa la mwenzake. Rudia zoezi hili katika majimbo 5 au 6 kabla ya kufungua mdomo.

Hoja nazo zipime peke yake, kwa kutumia maswali yanayopigiwa kura moja kwa moja. Mwaka 2014 Arkansas, South Dakota na Alaska zilipitisha nyongeza ya kima cha chini cha mshahara, na siku hiyohiyo zikawapa Warepublikan viti vya Seneti vilivyokuwa vya Wademokrat. Agosti 2022 Kansas ilikataa kwa asilimia kama 59 kuondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba katika katiba yake. Novemba ikamrudisha seneta wake Mrepublikan bila jasho. Sera inaweza kupendwa na chama kinachoibeba kikakataliwa. Dawa ya tatizo hilo haiko kwenye ilani.

Nani alihama, nani alibaki nyumbani

Kura iliyohama kutoka kwako kwenda kwa mpinzani inabadilisha pengo kwa 2. Kura iliyobaki nyumbani, kwa 1. Ukishindwa kwa kura 10,000, unahitaji kuwarudisha waliohama kidogo zaidi ya 5,000, au kuwaamsha waliolala zaidi ya 10,000. Hizo ni kampeni mbili tofauti. Na mahudhurio hubadilika mno: 2014 walijitokeza kama asilimia 36 ya wenye haki ya kupiga kura, 2018 kama nusu.

Kosa la kawaida ni kutumia mahojiano ya wapiga kura wanaotoka vituoni, yanayotangazwa usiku uleule, kudai kwamba vijana au Walatino "wametuacha." Takwimu hizo hurekebishwa baadaye zilingane na matokeo. Orodha rasmi za waliopiga kura hukamilika baada ya miezi. Hadi hapo, kaa kimya kuhusu makundi.

Mwelekeo huamuliwa wapi

Si kwenye televisheni. Wiki chache baada ya kura, wabunge wa kila chama huchagua viongozi wao: Novemba 2022 Mitch McConnell alimshinda Rick Scott 37 kwa 10 katika kuwaongoza maseneta wa Republican, na Hakeem Jeffries akapokea kijiti cha Nancy Pelosi cha kuwaongoza Wademokrat wa Baraza la Wawakilishi. Januari 2023, Mrepublikan Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura kupata uspika wa baraza hilo; aliyezihesabu duru hizo alijua mapema nani ndani ya chama chake ana kamba ya kumfunga.

Ripoti za kujitathmini zisome, ila usizisujudie. Baada ya kushindwa urais 2012, Kamati ya Taifa ya Republican ilitoa ripoti mwaka 2013 ikitaka chama kiunge mkono mageuzi ya uhamiaji. Mchujo wa 2016 ukampa Donald Trump, aliyeahidi ukuta. Kwa hiyo weka alama kwenye tarehe za mchujo unaofuata, andika nani anatangaza kustaafu na nani anashawishiwa kugombea katika viti vilivyopotea kwa chini ya pointi 5, na uangalie wafadhili wanamfuata nani.